Wanyama wasio na kinywa: mikrobi wanaolisha viumbe wa kilindi cha bahari

Chini kabisa ya bahari, kwenye giza tupu, kuna wanyama wanaokua na kunenepa bila kula. Hawana kinywa, hawana tumbo, na mwanga wa jua haufiki kabisa pale wanapoishi. Wanaowalisha ni mikrobi waliofanya makao ndani ya miili yao. Makala hii inaeleza wanyama hao ni akina nani, mikrobi wao ni wa namna ngapi, na juu ya nini habari hiyo ya mbali inagusa nchi inayochimba kobalti kuliko nyingine zote duniani.

Mikrobi si adui siku zote

Mikrobi ni kiumbe mdogo sana, asiyeonekana kwa macho. Watu wengi wanalisikia neno hilo hospitalini tu, habari ya kipindupindu au ya homa ya matumbo, na hivyo wanafikiri kila mikrobi analeta ugonjwa. Kumbe kila siku tunaishi kwa kazi ya mikrobi. Muhogo unaolowekwa majini siku tatu au nne mbele ya kuanikwa unalainishwa na mikrobi, na sumu yake inapungua kwa kazi yao. Ng'ombe wa Masisi anakula majani ambayo mwili wake peke yake usingeweza kuyavunja. Mikrobi walio tumboni mwake ndio wanaoyavunja.

Viumbe wa aina tofauti wakiishi pamoja hivi, mwili kwa mwili, wanasayansi wanasema ni simbiosi. Mkaaji anaitwa simbionti, na mwenye mwili anaitwa mwenyeji. Sasa, ng'ombe bado ana kinywa cha kutafunia majani. Katika kilindi cha bahari ushirika huo umefika mbali zaidi: wako wanyama walioacha kabisa kinywa na tumbo, wakabaki kutegemea mikrobi tu.

Wanyama wanaozungumzwa hapa ni wale wasio na uti wa mgongo: minyoo, konokono, kaa, kamba (wale wadogo wanaoitwa pia krevete), sifongo, na kome, yaani wanyama wa maji wenye magamba mawili yanayofunguka na kufungwa kama kitabu. Kilindi kinachotajwa ni kuanzia mita 200 kwenda chini, fasi ambapo mwanga unapungua sana. Kupita mita 1 000 ni giza kabisa. Kwa kulinganisha, Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina kati ya maziwa yote ya dunia, lina karibu mita 1 470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini. Bahari, kwa wastani, ina karibu mita 3 700.

Mwaka 1977: wataalamu wa mawe wakutana na wanyama

Zamani wanasayansi waliamini kwamba uhai wote unategemea jua. Jani linakula mwanga, mbuzi anakula jani, mtu anakula mbuzi. Kuhusu wanyama wa kilindini, walifikiri wanaishi kwa makombo tu, yaani mabaki ya samaki na ya mimea midogo yanayoshuka polepole kutoka juu. Chakula hicho ni haba, kwa hiyo walitazamia kukuta wanyama wachache waliotawanyika.

Mwezi wa pili wa mwaka 1977, kundi la wanasayansi lilifika na meli karibu na visiwa vya Galápagos, magharibi ya nchi ya Ekuado. Walikuwa na Alvin, chombo cha Marekani cha kuzamia kinachobeba watu watatu. Walitafuta chemchemi za maji moto kwenye ufa wa sakafu ya bahari. Wengi wao walikuwa wataalamu wa miamba na wa kemia. Hakuna mtaalamu wa wanyama aliyekuwa nao.

Kwenye mita karibu 2 500 walizikuta chemchemi, na pembeni yake wakakuta uhai umesongamana kama soko: kome wakubwa, kaa weupe, na minyoo wanaosimama ndani ya mirija meupe, kichwa chekundu kama damu. Dawa ya kuhifadhia miili ya wanyama ilikuwa kidogo sana ndani ya meli, na inasimuliwa kwamba baadhi ya wanyama hao walihifadhiwa kwa kuwekwa ndani ya vodka.

Mnyoo yule mkubwa alipewa jina Riftia pachyptila. Anaweza kufika urefu wa mita mbili. Walipompasua, hawakuona kinywa, hawakuona utumbo. Ndani yake mlikuwa na kiungo kirefu, laini, kilichojaza sehemu kubwa ya mwili. Kiungo hicho kinaitwa trofosomu.

Mwaka 1980, Meredith Jones, mtafiti wa jumba la Smithsonian la Marekani, alikuwa anaeleza habari ya mnyoo huyo katika Chuo Kikuu cha Harvard. Akataja kwamba ndani ya kiungo kile aliona chembe za salfa, ile ambayo wazee wanaiita kiberiti. Mwanafunzi mmoja, Colleen Cavanaugh, akasimama papo hapo na kusema kwamba lazima mna bakteria wanaotumia salfa ndani ya mnyoo. Mwaka 1981 yeye na wenzake walitoa ushahidi katika jarida la Science: trofosomu imejaa bakteria, mabilioni katika kila gramu.

Namna chakula kinavyopikwa gizani

Kazi ya mnyoo na bakteria wake inafuata hatua chache.

Kwanza, maji ya bahari yanaingia ndani ya nyufa za sakafu, yanafika karibu na mawe yaliyoyeyuka, yanapata moto mkali, na kurudi juu yakiwa yamebeba madini na gesi. Katika chemchemi fulani moto huo unapita digrii 350, lakini maji hayachemki kwa sababu ya uzito wa bahari iliyo juu yake. Wanyama hawakai ndani ya moto huo. Wanakaa pembeni, pale maji moto yanapochanganyika na maji ya bahari yenye baridi.

Pili, kati ya gesi hizo iko hidrojeni sulfidi, ile yenye harufu ya yai bovu. Kwa mtu ni sumu. Kwa bakteria wale ni kuni. Mnyoo anaikamata kwa kichwa chake chekundu. Wekundu huo ni hemoglobini, sawa na ile ya damu yetu, lakini ya kwake ina uwezo wa pekee: inabeba oksijeni na sulfidi kwa wakati mmoja, kila moja imeshikwa fasi yake, mpaka zifike kwenye trofosomu.

Tatu, bakteria wanaiunguza sulfidi kwa oksijeni na kupata nguvu. Kwa nguvu hiyo wanatengeneza chakula kutokana na gesi ya kaboni, sawa na vile jani la sombe linavyofanya kwa mwanga wa jua. Kazi ya jani inaitwa fotosinthesi. Hii ya bakteria inaitwa kemosinthesi, maana inategemea kemia na si mwanga.

Nne, mnyoo anapata sehemu ya chakula hicho, na bakteria wengine anawayeyusha wenyewe. Chakula kinatosha sana: Riftia anaweza kukua zaidi ya sentimita 80 kwa mwaka mmoja, mwendo wa kasi kupita wanyama wengi wa baharini wa namna yake.

Kuna jambo moja linalosahauliwa mara nyingi. Oksijeni ambayo bakteria wanaitumia ilitoka juu, kwenye mimea na mwani wanaotumia jua, ikashuka na mikondo ya maji. Basi hata mnyoo wa gizani ana deni kwa jua, ijapokuwa hakuliona hata siku moja.

Mikrobi wa aina moja, au wengi?

Riftia ana bakteria wa aina moja kubwa inayomlisha, wanaoitwa Endoriftia persephone. Mwanzoni watafiti walifikiri ndiyo kanuni ya kilindini kote: mnyama mmoja, mikrobi mmoja. Baadaye walikuta hali ni tofauti kabisa.

Kome wa jamii ya Bathymodiolus wanaishi katika bahari nyingi, kwenye chemchemi za moto na pale ambapo gesi inatoka chini bila moto. Ndani ya mashavu yao, yaani viungo vya kupumulia, wengi wao wana bakteria wa aina mbili wanaoishi pamoja. Hawa wanatumia sulfidi, wale wanatumia metani, gesi ambayo wakaaji wa Goma na Bukavu wanaijua vizuri kwa habari ya Ziwa Kivu. Sulfidi ikipungua na metani ikiongezeka, kundi moja linapungua na lingine linaongezeka, na kome anaendelea kuishi. Mwaka 2011, watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Max Planck ya mji wa Bremen, Ujerumani, walionyesha kwamba bakteria wa kome hao wanaweza pia kutumia gesi ya hidrojeni. Kwa hiyo wana kuni za namna tatu.

Kome wa Ghuba ya Meksiko anayeitwa Bathymodiolus heckerae ana bakteria wa aina nne. Kome mmoja mdogo wa Bahari ya Mediterania, wa jamii ya Idas, amekutwa na aina sita.

Jambo lililowashangaza watafiti zaidi lilitangazwa mwaka 2019. Walichunguza kome wa katikati ya Bahari ya Atlantiki na kusoma chembe za urithi za bakteria wao wa sulfidi, wale ambao siku zote walihesabiwa kuwa aina moja. Walikuta kwamba ndani ya "aina moja" hiyo mna mbegu tofauti, mpaka 16, zinazoishi pamoja. Zinafanana sana, lakini zinatofautiana katika kazi: baadhi zina uwezo wa kutumia hidrojeni na nyingine hazina, zinatofautiana pia namna zinavyopata virutubisho na namna zinavyojikinga na virusi.

Mkulima wa Kivu anaweza kuielewa hali hiyo haraka. Katika shamba moja anapanda maharagwe ya mchanganyiko: mekundu, meupe, ya madoadoa. Yote ni maharagwe. Lakini mvua ikizidi, haya yanaoza na yale yanavumilia. Jua likizidi, inakuwa kinyume chake. Kwa mchanganyiko huo nyumba haikosi chakula kabisa. Kome naye yuko vile. Chemchemi ya kilindini haitabiriki: leo inatoa gesi nyingi, mwaka ujao inaweza kubadilika au kuzimika. Mwenye mbegu nyingi ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai.

Sifongo wanapita wote. Sifongo ni mnyama aliyeshikamana na jiwe, mwenye mwili wa matundumatundu, anayechuja maji. Sifongo mmoja anaweza kuwa na mamia ya aina za mikrobi ndani yake, na katika aina fulani mikrobi wanafanya zaidi ya theluthi moja ya uzito wa mwili wake. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kwenye vilele vya milima iliyo chini ya bahari, karibu na Ncha ya Kaskazini, kuna mashamba makubwa ya sifongo wenye umri wa miaka 300 kwa wastani. Pale chakula kutoka juu ni kidogo mno. Sifongo hao, kwa msaada wa mikrobi wao, wanakula mabaki ya minyoo na wanyama wengine waliokufa hapo maelfu ya miaka iliyopita.

Wanyama wengine na ujanja wao

*Kamba wa Atlantiki (Rimicaris exoculata).* Wanajaa kwenye chemchemi za moto kwa maelfu, wamepandana kama siafu. Wengi wa bakteria wao hawakai ndani ya tumbo. Wanakaa ndani ya chumba cha mashavu, karibu na kinywa, na chakula kinapita moja kwa moja kwenye ngozi ya kamba. Macho ya kawaida hana. Mgongoni ana kiungo kinachosikia mwanga hafifu sana.

*Kaa wenye manyoya (Kiwa).* Wa kwanza alipatikana mwaka 2005 kusini mwa Pasifiki. Miguu yake imejaa manyoya, na juu ya manyoya kunaota bakteria. Ndugu yake wa pwani ya Kosta Rika, Kiwa puravida, anayumbisha mikono yake majini bila kuchoka, kama mtu anayecheza ngoma. Kwa kufanya hivyo anawapelekea bakteria maji mapya yenye gesi na oksijeni, kisha anawachana na kuwala. Ni kama mfugaji anayebeba shamba lake mkononi.

*Konokono mwenye magamba ya chuma (Chrysomallon squamiferum).* Huyu anaishi katika Bahari ya Hindi. Alipatikana mwaka 2001, na mguu wake umefunikwa na magamba yenye madini ya chuma na sulfidi. Bakteria wanaomlisha wanaishi ndani ya tezi ya koo lake, ambayo imekuwa kubwa kupita kiasi. Moyo wake pia ni mkubwa sana kwa kulinganisha na mwili, maana lazima awapelekee wapangaji wake damu yenye oksijeni.

*Mnyoo wa mifupa (Osedax).* Nyangumi akifa, mzoga wake unazama mpaka chini. Mwaka 2002, katika ghuba ya Monterey huko Kalifornia, kwenye mita karibu 2 900, watafiti walikuta minyoo wameota juu ya mifupa ya nyangumi kama majani mekundu. Nao hawana kinywa wala tumbo. Wanapeleka mizizi ndani ya mfupa, na ndani ya mizizi hiyo wana bakteria. Bakteria hawa hawatumii sulfidi. Wanasaidia kupata chakula kutoka kwenye mfupa wenyewe. Wanaoonekana ni majike tu. Madume ni wadogo kama nukta, na wanaishi kwa makumi ndani ya mrija wa jike mmoja.

Watoto wanawapata wapi mikrobi?

Hapa kuna njia mbili, na kila moja ina hatari yake.

Njia ya kwanza ni kurithi kwa mama. Kome wakubwa weupe wanaoitwa Calyptogena wanaweka bakteria ndani ya mayai yao. Mtoto anazaliwa na akiba yake tayari. Lakini bakteria wanaorithishwa hivyo, kizazi kwa kizazi, bila kutoka nje, wanapoteza polepole uwezo wa kujitegemea. Chembe zao za urithi zimekuwa fupi sana kuliko za ndugu zao walio huru.

Njia ya pili ni kuwaokota baharini. Mtoto wa Riftia anazaliwa bila bakteria. Anaelea, anafika kwenye chemchemi, na pale bakteria wanapenya kupitia ngozi yake. Baada ya hapo trofosomu inaanza kujengwa. Asipokutana na bakteria anaowahitaji, hawezi kukua. Mnyoo mzee akifa, baadhi ya bakteria wake wanatoka hai na kurudi majini, tayari kuingia kwa wengine. Kwa hiyo mnyama na mikrobi wake ni lazima walindwe pamoja. Ukiharibu maji ambamo bakteria huru wanaishi, umekata chakula cha watoto ambao hawajazaliwa.

Namna watafiti wanavyowatambua

Mikrobi wengi wa kilindini hawakubali kuoteshwa katika laboratwari. Hata Endoriftia, anayejulikana tangu mwaka 1981, hajaweza kufugwa peke yake ndani ya chupa. Basi watafiti wanasoma chembe zake za urithi, yaani ADN, moja kwa moja kutoka kwenye kipande cha mnyama. Kila aina ya bakteria ina maandishi yake, na kompyuta inayapanga na kuyalinganisha. Wanatumia pia rangi zinazong'aa ambazo zinashika bakteria wa aina fulani tu. Chini ya hadubini wanaweza kuona hawa wekundu wako wapi na wale wa kijani wako wapi ndani ya shavu la kome mmoja.

Kusoma ADN kwa njia hizo kumesaidiwa na mikrobi mwingine wa maji moto, huyu wa nchi kavu. Bakteria Thermus aquaticus alipatikana katika chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, na habari yake ilichapishwa mwaka 1969. Kutoka kwake kilipatikana kimeng'enya kinachovumilia moto, na juu yake vikajengwa vipimo vya PCR. Vipimo vya familia hiyo ndivyo vilivyotumika Beni, Butembo na Mangina kutambua wagonjwa wa Ebola kati ya 2018 na 2020. Wakati bakteria huyo alipopatikana, hakuna aliyejua angefaa kwa nini.

Mbona Kivu na Tanganyika hawapo?

Mtu anaweza kuuliza: Ziwa Kivu lina metani na sulfidi tele chini, sasa mbona hatuoni minyoo wakubwa hapo?

Jibu ni oksijeni. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana oksijeni, na sambaza wanaishi hapo. Kupita mita 60 au 70 hivi, oksijeni imekwisha. Ziwa linaendelea kushuka mpaka mita 485, lakini huko chini hakuna mnyama anayeweza kupumua. Wanaobaki ni mikrobi peke yao. Pale maji mawili yanapokutana, yenye oksijeni na yenye gesi, wako bakteria wanaokula metani, ndugu wa wale wa ndani ya kome wa bahari, ila hawa wanaishi huru majini. Wanazuia sehemu ya metani isifike juu.

Ziwa Tanganyika nalo halina oksijeni katika sehemu yake kubwa ya chini. Lakini lina chemchemi za moto karibu na ukingo, upande wa Kivu Kusini. Mwaka 1993, watafiti walioongozwa na Jean-Jacques Tiercelin walichapisha habari za fasi mbili kaskazini mwa ziwa, Pemba na rasi ya Banza iliyo kwenye peninsula ya Ubwari. Pale maji moto yanatoka chini ya ziwa na kujenga nguzo za madini kama mabomba ya moshi. Riftia na jamaa zake hawapo, maana ni wanyama wa maji ya chumvi. Hata hivyo, ufa unaopasua sakafu ya bahari na ufa uliochimba maziwa yetu ni kazi ya namna moja: ardhi inayovutwa pande mbili.

Kobalti: pale habari hii inapotugusa

Kwa mwaka 2023, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti iliyochimbwa duniani, karibu yote kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Kobalti hiyo inaingia katika betri za simu na za magari. Lakini iko kobalti nyingine chini ya bahari. Kati ya Hawaii na Meksiko, kwenye mita 4 000 mpaka 5 500, sakafu imejaa mawe ya duara yanayofanana na viazi. Yana manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Jiwe moja linakua milimita chache tu kwa miaka milioni moja. Na kwenye chemchemi za moto, zile nguzo wanamoishi kome na konokono zina shaba, zinki na dhahabu.

Baadhi ya makampuni yanayotaka kuchimba baharini yanataja hali ya migodi ya Kongo, hasa kazi ya watoto, kama sababu ya kuhamia kilindini. Wanaopinga wanajibu kwamba bahari ina wenyeji wake, na kwamba kidonda cha kule hakiponi haraka. Wana mfano. Mwaka 1989 watafiti wa Ujerumani walilima kipande cha sakafu ya bahari mbele ya nchi ya Peru, kwenye mita zaidi ya 4 000, ili kuona kitakachotokea. Waliporudi mwaka 2015, miaka 26 baadaye, alama za jembe zilikuwa bado zinaonekana, na kazi ya mikrobi katika matope hayo ilikuwa bado chini. Walikadiria kwamba itahitaji zaidi ya miaka 50 kurudi ilivyokuwa.

Yule konokono wa magamba ya chuma tayari ameingia katika hesabu hiyo. Mwaka 2019 shirika la kimataifa la uhifadhi, UICN, lilimweka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini, kwa sababu ya tishio la uchimbaji wa baharini. Wakati huo alijulikana katika fasi tatu tu za Bahari ya Hindi, mojawapo ikiwa kusini mashariki ya Madagaska.

Anayeamua ni nani? Sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa pamoja wa wanadamu wote, kufuatana na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, ndiyo inayotoa ruhusa. Mpaka mwisho wa 2024 ilikuwa imetoa mikataba ya utafutaji karibu 30, na hakuna hata mmoja wa kuchimba kwa biashara. Nchi zaidi ya 30 zimeomba kazi hiyo isimamishwe kwanza.

Kongo ina kiti katika mazungumzo hayo. Iliridhia mkataba huo mwaka 1989, wakati ikiitwa Zaire. Tena sheria hizo zinataja nchi zinazoendelea ambazo zinachimba madini yale yale ardhini: mapato yake yakianguka vibaya kwa sababu ya madini ya baharini, zina haki ya kuomba msaada katika mfuko maalumu. Kwa hiyo mkaaji wa Kolwezi anayeishi kwa kobalti na kome wa kilindini anayeishi kwa sulfidi wanaamuliwa kwenye meza moja.

Maneno ya kukumbuka

*Simbiosi:* viumbe wa aina tofauti kuishi pamoja, mwili kwa mwili.

*Simbionti:* mikrobi anayeishi ndani au juu ya mwili wa mwenyeji.

*Kemosinthesi:* kutengeneza chakula kwa nguvu ya kemia, bila mwanga.

*Trofosomu:* kiungo cha mnyoo Riftia kilichojaa bakteria wanaomlisha.

*Hidrojeni sulfidi:* gesi yenye harufu ya yai bovu. Ni sumu kwa watu, ni kuni kwa bakteria wa kilindini.

*Metani:* gesi inayowaka, iliyo nyingi katika Ziwa Kivu; bakteria fulani wa kome wanaitumia kama chakula.